Nilimfukuza Aliyechekesha Msiba wa Baba Mkwe

Nilikuwa naamini, kwa moyo wangu wote, kwamba Kisarawe mtu akicheka msibani ndiye aliyemchukua marehemu. Kwamba marehemu hajafa ng'o! Yuko mahali analima mihogo ya huyo anayecheka, hapumziki, hapewi hata chai.

Habari hizi nilipewa na kinyozi mmoja wa Mlandizi huku wembe uko shingoni kwangu, ningembishia vipi? Tena mimi si mjinga hivi hivi tu. Nina cheti! Nimesoma sekondari ya jioni, kidato cha nne nimekimaliza nikiwa na ndevu na kitambi. Mjinga mwenye cheti, ndugu zangu, ni balaa.

Kosa ni langu. Nalisema hapa kwa sababu nyumbani hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Baba mkwe alifariki kijijini kwao, Msimbu, huko huko Kisarawe, baada ya kuugua sana. Tukatoka Maili Moja mimi na mke wangu. Yeye analia tangu mlangoni kwetu, mimi nimechomekea shati na kuvaa miwani nyeusi. Sisi watu wa kaskazini tuliolowea Kibaha, msiba kwetu ni turubai, viti vya kupangwa na ratiba iliyochapwa. Watu wanalia kwa foleni kama wako benki!

Kule nikakuta watu wamekaa kwenye mikeka, kuku wanakatiza katikati ya wafiwa. Nikabinua mdomo mpaka taya likauma.

"Yaani hawana hata MC?" nikamnong'oneza mke wangu.

Yeye alikuwa anamtazama mama yake, aliyekaa ameegemea ukuta, hajala wala hajatoa chozi tangu jana yake.

Mara mlangoni akatokea Bi Kalunde, mama wa Kinyamwezi anayeishi jirani. Amevaa koti la marehemu! Kofia ya marehemu! Mkononi fimbo ya marehemu! Anachechemea vile vile alivyochechemea mzee, anawafokea kuku: "Tokeni hapa! Shamba la baba yenu hili?" Halafu akamgeukia mama mkwe: "Na wewe mke wangu, chai gani hii? Mbona kama maji ya kusuuzia sufuria?"

Watu wakacheka! Mikeka mizima! Mwinjilisti, aliyekuja kutuombea, akatoa leso kujifuta machozi ya kicheko. Nami nahesabu kichwani: huyu mchawi, yule mchawi, mwinjilisti naye mchawi. Kumbe kijiji kizima kimemgawana baba mkwe wangu!

Nikasimama. "Wewe mama! Mrudishe mzee wetu!"

Bi Kalunde hata hakushtuka. "Mkwe wa Maili Moja," akasema, "vua miwani kwanza. Unamlilia mzee au jua linakuchoma?"

Kicheko kikalipuka upya. Nikapandwa na hasira! Nikamrukia, nikalikamata koti, nikalivuta mpaka likachanika kwapani, kraa! Nikamwita mchawi mbele ya maiti. Nikamwambia atoke.

Bi Kalunde akalivua koti taratibu, akalikunja, akaliweka miguuni pa mama mkwe, akaenda zake. Wanaume watatu waliokuwa wanachimba kaburi, kaka zake, waliposikia wakatoka shimoni, wakabeba majembe yao wakamfuata. Shimo ndiyo kwanza linafika kiunoni!

"Mkwe atamalizia," akasema shangazi wa mke wangu. "Si ana nguvu za kuchania watu nguo?"

Nikaazimwa jembe nikachimba! Nilichimba mpaka nikadhani natokea China. Viganja vilitoka malengelenge kama mayai ya bata. Hakuna aliyenipokea jembe. Hakuna aliyeniletea maji. Na hakuna aliyecheka tena siku ile, hata mmoja. Msiba wa heshima kama nilivyoutaka! Mama mkwe alikaa vile vile ukutani, macho makavu, sahani mbele yake inaingia nzi.

Baada ya maziko mke wangu alikataa kurudi nami.

"Nenda," akaniambia. "Nabaki na mama. Hajaweka kitu mdomoni, na wewe ndiye uliyemfukuza mtu pekee aliyekuwa anamzungumzisha."

Akabaki. Mwezi wa pili sasa. Ndani nimebaki mimi na cheti changu, tunatazamana.

Nyie mnaokwenda kwenye misiba ya watu na miwani yenu, mnakagua nani kalia sawasawa na nani kakosea, nawaambia mnanuka ujinga, na mimi ndiye mwenyekiti wenu! Kaeni mkekani. Fungeni midomo. Kitu usichokijua, muulize mwenye msiba kabla hujamshika mtu shati.

Jumapili ya tatu baada ya maziko nilikwenda Msimbu kuomba radhi. Hata siku hiyo nilikwenda na hotuba! Mama mkwe nilimkuta barazani, amekonda, anashona lile koti kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa."

Nikamweleza yote: kinyozi, mihogo, namna nilivyokuwa namtetea mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Hakuna aliyemchukua mume wangu," akasema. "Aliugua, akafa. Kalunde ni mtani wetu, na kumwigiza marehemu ndiyo kazi ya mtani. Mimi ndiye niliyemwita. Mzee miguu ilimkataa mwaka mzima, nikawa nimeshasahau anavyotembea. Nilitaka nimwone akitoka ndani mpaka kule kwenye migomba. Wewe ukamkatiza njiani."