Mtani Wangu na Elektroni Zake

Sisi Wagogo tuna jua la kuwagawia watu wote na likabaki. Hata hao wanaotucheka kwamba tunapenda kuomba, jua hawajawahi kutupa, hilo tunalo wenyewe. Kwa hiyo nilipoingia chuoni, kule mlimani Dodoma, kusoma shahada ya pili ya fizikia, nikaambiwa utafiti wangu ni wa sola, nilijua nitapanda juu ya mabati na waya mkononi, nirudi nyumbani Chamwino uso umeungua. Kumbe wapi. Nilipewa kiti, kompyuta, na chumba chenye mapazia yaliyofungwa ili jua lisipige kwenye skrini. Nililitafiti jua miaka miwili bila kuliona.

Chumbani mle alikuwepo mtu aliyenitangulia mwaka mmoja, Mnyamwezi wa Tabora. Nilimsalimia kwa adabu, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akavuta kikombe chake cha chai, akakifunika kwa daftari, akasema Mgogo akikiona kitu lazima akiombe. Nikamjibu kwamba simlaumu, kichwa cha Mnyamwezi kiliumbwa kubeba mizigo ya wenzake kwenda pwani, kufikiri ni kazi aliyoianza juzi tu. Akacheka mpaka akapaliwa na chai yake mwenyewe. Tukawa marafiki tangu asubuhi hiyo.

Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Wazee husema misafara yao ilikuwa ikipita kwetu zamani, wakagombana na sisi mpaka pande zote zikachoka, wakaona heri watukanane kuliko kupigana. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mama yako, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Ni raha ambayo siwezi kumweleza mtu asiye nayo. Yule bwana aliniita mke wangu mbele ya msimamizi wetu, mbele ya mama ntilie, mbele ya mlinzi wa getini, nami nikamwita mume wangu, nikamtuma maji na kumkaripia akichelewa. Hakuna aliyeshtuka, maana ni utani. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba kwa upande wangu utani ulikuwa umekwisha siku nyingi.

Nilimpenda. Nimekaa na neno hilo muda mrefu mno, acha nilitue.

Sasa kazi yenyewe niieleze, maana bila hiyo hutaelewa nilivyomtenda. Sola mnazoziona juu ya nyumba ni za silikoni, ngumu na nzito. Sisi tulishughulika na sola za plastiki, aina ya plastiki unayoweza kuiyeyusha ukaipaka kama rangi ya ukutani. Mwanga ukiipiga, elektroni inashtuka, inaruka kutoka pale ilipokuwa na kuacha pengo. Elektroni na pengo lake vinavutana. Vikirudiana, mwanga wako umepotea bure. Vikiachana, kimoja kikaenda upande huu na kingine upande ule, hapo ndipo umeme unapopatikana. Swali letu lote lilikuwa hilo: katika jozi zote zinazozaliwa, ni ngapi zinaachana? Kwa macho huzioni. Kwa hiyo unazijengea kijiji ndani ya kompyuta, boksi lililogawanywa vyumba vidogo vidogo, kisha kompyuta inarusha dadu. Elektroni ihame chumba au ibaki? Inarusha tena, na tena, siku nzima, wewe unakunywa chai na kuomba umeme wa ukutani usikatike.

Boksi haliwezi kuwa kubwa, kompyuta zetu zilikuwa zimeshachoka. Basi kuna ujanja ambao watu wa kazi hii wote wanautumia. Elektroni ikitoka nje kwa ukuta wa mashariki, unaiingiza kwa ukuta wa magharibi, kana kwamba nje ya boksi kuna boksi jingine kama hilo, na jingine, bila mwisho. Programu yetu mtani wangu aliiandika peke yake, mstari kwa mstari, na ilikuwa ikitoa majibu mazuri ajabu. Karibu kila jozi iliachana. Msimamizi wetu alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na kutabasamu. Akamwalika profesa mgeni kutoka nje, mtu wa fani hiyohiyo, aje amsikilize akiwasilisha siku ya Jumatano. Mgeni akiridhika, angemchukua kwa masomo ya udaktari. Kwao Tabora wanalima tumbaku, na yeye ndiye mtoto wa kwanza kuvuka kidato cha nne. Sijapata kumwona mtu akiitamani siku ya wiki kama alivyoitamani Jumatano ile.

Kabla ya hapo, Jumapili moja, nilikwenda naye nyumbani Chamwino. Alimwamkia baba shikamoo kwa heshima zote, baba akaitikia, akauliza kijana ni wa wapi. Aliposikia Mnyamwezi, mzee akasahau umri wake. Akamwambia atue mzigo kwanza nje ndipo aingie, nyumba hii haipitishi misafara. Walitukanana mchana kutwa. Ugali wa uwele ulipoletwa, mtani wangu akalinyakua paja la kuku kwenye sahani ya baba na kulila akiwa amesimama mlangoni. Baba alicheka machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akicheka vile tangu mama afariki. Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono, akasema huyu arudi.

Kosa nililigundua Jumamosi, siku nne kabla ya Jumatano. Nilikuwa naitumia programu yake kwa kazi yangu, nikaamua kulikuza boksi, kwa kiherehere tu, nione kompyuta itavumilia kiasi gani. Jozi zinazoachana zikapungua. Nikalikuza tena, zikapungua zaidi. Jua haliulizi boksi lako lina ukubwa gani, jibu lilipaswa kubaki lilelile. Nikafungua programu nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikaukuta. Elektroni ikivuka ukuta wa mashariki na kuingizwa magharibi, pengo lake bado liko mashariki, pale karibu na ukuta. Kwa kweli wamepakana. Lakini mtani wangu alipima umbali wao kwa kukatiza boksi zima, kwa hiyo kompyuta ikaona wako mbali kabisa, ikaandika: wameachana. Ni kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja, wewe ukapima umbali wao kwa kuzunguka mtaa mzima wa Nkuhungu. Zile jozi zote tulizozishangilia zilikuwa bado zimeshikana.

Mstari mmoja. Ungerekebishwa kwa dakika kumi, hesabu zikarudiwa kwa siku mbili tatu. Majibu yasingekuwa ya kushangaza tena, ila yangekuwa ya kweli, na mgeni angemheshimu.

Jumapili mchana nilimfuata Nkuhungu, alikokuwa anakaa. Nilimkuta kibandani na wenzetu wanne wa chuo, wanakula nyama choma. Nilikuwa nimejipanga njiani jinsi ya kumwambia. Nilipofika akasema haya, Mgogo kanusa, ficheni nyama. Wote wakacheka. Nami, mdomo wangu huu, nikaingia kwenye njia niliyoizoea. Nikasema, "Mnyamwezi, elektroni zako haziachani. Zinazunguka nyuma ya nyumba zinarudi kulala pamoja, wewe unaandika talaka."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha soda. Yeye akajibu kwamba Mgogo akikosa cha kuomba huomba mwenzake aanguke. Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka na mimi.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa kwetu wa vumbi, tukatembea tumefumba macho nusu. Akasimama. Akaniuliza taratibu, bila mzaha, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu:

"Lile la elektroni, ulikuwa unatania?"

Ilinipasa kusema hapana. Neno moja. Lakini hatukuwahi kuzungumza hivyo, mimi na yeye. Tangu siku ya kile kikombe cha chai hatukuwahi kuambiana jambo kwa sauti ya kawaida. Niliogopa nikiitumia sauti ile kwa hili la elektroni, na lile jingine litatoka nalo, nimwage yote pale barabarani. Na niseme na hili, hata kama linanivunjia heshima. Sehemu moja ya moyo wangu haikutaka Jumatano ifanikiwe. Akifaulu angepanda ndege.

Nikamwambia, "Lini nimewahi kukuambia la maana?"

Akatabasamu. Akaniamini.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Kila asubuhi nilikwenda nimeazimia kusema, nikamkuta ana furaha, anapanga picha zake kwenye skrini, nikajiambia mchana, mchana nikajiambia kesho. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wangeongeza kwamba unapotumbuka, mwenye kunuka ni wewe.

Jumatano alivaa shati jeupe na tai ya kuazima. Aliwasilisha vizuri, sauti haikutetemeka. Mgeni alikuwa mzee mpole wa kizungu, hakuwa mtu wa kutafuta kumuumbua mtu. Aliuliza swali moja tu mwishoni, kwa upole kabisa: elektroni inapovuka ukuta, umbali wake na pengo umeupimaje? Mtani wangu akafungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga. Akageuza shingo, akaniangalia mimi niliyekaa safu ya tatu. Halafu akamgeukia mgeni, akasema amekosea, majibu yote si sahihi, anaomba radhi. Akazima projekta mwenyewe.

Nilimfuata koridoni. Watu walikuwa wanapita.

"Ulijua," akasema.

Nikasogea ukutani kuwapisha wapitao.

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei. "Nilikuuliza," akasema. Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana, maana matusi yake nilikuwa nayajua yote na majibu yake ninayo. Alikwenda kufungasha vitu vyake, na wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Msimamizi alimsihi arudi, arekebishe, ajaribu tena mwakani. Ng'o. Nilimpigia simu mpaka namba yake ikaacha kupatikana.

Programu ilibaki kwenye kompyuta, nikarithi mimi. Niliurekebisha ule mstari. Ilinichukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Kwa programu hiyo nikaimaliza shahada ya pili, kisha udaktari, na leo wanafunzi wangu wanaitumia bila kujua ni mkono wa nani. Nimemshukuru kwenye ukurasa wa mbele wa tasnifu, na najua hajaufungua. Nilisikia yuko Kizota, hapahapa Dodoma, ana karakana, anachomelea fremu na kufunga sola za silikoni kwenye mabati ya watu. Mara mbili nilifika mpaka barabara ya kwake, nikageuza.

Mwaka jana baba alifariki. Katikati ya matanga, mchana, pikipiki ikaingia uani Chamwino, nikamwona anashuka. Moyo ulinidunda kwa namna ambayo haikufaa mahali pale. Kwetu, mtani ana kazi msibani. Watu wakilia, yeye anatania. Anaigiza kikohozi cha marehemu na mwendo wake, anaficha jembe la wachimba kaburi mpaka apewe kuku, anamlaumu maiti kwa kukimbia madeni ya mahari. Waliofiwa wanajikuta wanacheka huku makamasi yanawatoka, na mzigo unapungua. Nikasema moyoni, amekuja kututania. Amekuja kumtukana baba yangu, kwa hiyo amenisamehe.

Shangazi yangu, dada yake baba, alimkumbuka. Akawanong'oneza wanawake kwamba yule ndiye Mnyamwezi wa mzee, subirini muone. Ua mzima ukamgeukia, nyuso zimeanza kulegea.

Akaja moja kwa moja nilipokaa mkekani. Akainama, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko, kama mtu anavyompa mkono mkubwa wake.

"Pole sana kwa msiba, Daktari. Mungu awape nguvu."

Nilikuwa nimelia siku mbili na sauti ilikuwa imekauka, lakini nilijaribu. Nikamwambia, "Mnyamwezi, umechelewa. Jeneza tumelibeba wenyewe."

Nilimwona ameisikia. Nilimwona hata akielekea kujibu, kwenye kona ya mdomo, pale pale ambapo zamani jibu lilikuwa likianzia. Kisha akaangalia chini. "Poleni sana," akasema. "Alikuwa mtu mwema."

Shangazi akanikodolea macho, akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Kumbe huyu si mtani wetu yule?"

Mtani haketishwi kwenye kiti. Anakaa anapotaka, na akikosa mahali anakukalia wewe. Kila mtu pale alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote. Alisimama mbele yangu ameshika kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili, anangoja nijibu.

"Ni mgeni, shangazi," nikasema. "Mpeni kiti."

Wakamletea kiti cha plastiki. Akashukuru, akakaa.