Upanga Nilioupata Msibani

Jamani, kuna aibu ambazo baadaye mnakaa na wenzenu mnasimuliana mpaka mbavu zinauma, na kuna aibu ambayo ukiikumbuka uko barabarani unatembea, unasimama kwanza. Hii yangu ni ya aina hiyo ya pili. Naisimulia kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia kwa watu (na najua ilivyowafikia, kwamba kuna kijana wa Nyasho alimwekea baba yake mkubwa sumu kwa ajili ya panga), basi leo sikieni kwa mwenyewe.

Mimi ni mtu wa gemu, sifichi. Nauza kwenye duka la rangi Musoma mjini, jioni nikirudi nyumbani Nyasho naoga, nakula, nashika simu. Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye gemu moja la mazimwi, unaanza ukiwa kijana fukara wa kijijini, mkononi una kisu cha kukatia mboga na mfukoni kichupa cha sumu ya panya, na unatakiwa uzunguke dunia nzima unapigana mpaka huko mbele kabisa ndiyo upate silaha ya maana. Mimi hata kijijini nilikuwa sijatoka. Nikivuka tu daraja, natafunwa. Rafiki yangu Masatu, anakaa Bunda, Kabasa, ndiye aliyenipa hilo gemu, na ndiye aliyeniambia kwamba kuna upanga mkali kuliko wote ambao ukijua njia unaupata mapema, palepale kijijini, anao mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa mfalme. Ila njia yenyewe alikuwa bado anaitafuta. "Nikiijua tu nakutumia," akasema.

Katikati ya hayo, baba mkubwa akafariki.

Mzee Magesa, kaka yake baba, alikuwa anaishi Buswahili, wilaya ya Butiama. Baba yangu alipokufa mimi nikiwa mdogo, yeye ndiye alinichukua, nilikaaga kwake mpaka nikamaliza shule. Sasa jioni moja kakaa nje anakunywa chai, akaanguka, ndiyo basi. Hospitali walisema ni moyo. Lakini mnatujua watu wa kwetu, mtu juzi alikuwa shambani anapalilia mihogo, leo kafa na kikombe chake kiko pembeni, maneno yakaanza. Na kibaya zaidi, siku chache kabla, mama mkubwa alikuwa kaenda Bunda kumwangalia binti yake aliyejifungua, na aliyebaki na mzee, akimpikia na kumchemshia chai, nilikuwa mimi, nimeomba ruhusa dukani, nikaondoka jana yake tu. Hakuna aliyelisema hilo mbele yangu. Ila nilipofika msibani niliona macho.

Siku ya mazishi wakanipa kazi ya muziki. "Wewe mtu wa mjini, simu unazijua," mwenyekiti wa kitongoji akaniambia, "utuwekee nyimbo za dini mpaka padri na kwaya wafike." Nikaunganisha simu yangu kwa bluetooth na yale maspika makubwa ya kukodi, moja kila upande wa turubai, nyimbo zikapiga vizuri, mpaka nikaona watu wameanza kunilegezea uso. Nilikuwa pia kwenye wale wa kubeba jeneza. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu, nilitaka nimbebe mzee wangu.

Ikafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Mtoto wake mkubwa, Wambura, akasimama mbele. Nikazima nyimbo, nikatoka kidogo nipumzike nyuma ya jiko la akina mama, pale jenereta lilipokuwa linanguruma. Simu ikatetema. Masatu (sikuwa nimemwambia kwamba nimefiwa). Kanitumia ujumbe wa sauti, na juu yake kaandika: "Nimeipata njia ya upanga!!!"

Ningeweza kuacha. Hata leo najiuliza, ningekufa nisiposikiliza? Nikajiambia nisikie mara moja tu, niwaze kitu kingine tofauti na jeneza.

Nikabonyeza, nikaweka simu sikioni. Kimya. Nikajua ni kelele za jenereta, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya bado. Nikaanza upya tangu mwanzo, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nimeinama kama mtu anayeumwa jino. Ndipo nikaona mama mmoja aliyekuwa anasonga ugali kasimama na mwiko juu, ananitazama. Nikatoa kidole sikioni, nikasikia, juu ya lile jenereta, sauti ya Masatu imejaa mji mzima:

"...usimvamie yule mzee, ana nguvu, atakumaliza. Subiri jioni akiwa anakunywa chai. Ile sumu weka kidogo kwenye kikombe, halafu kaa mbali kama huhusiki. Mke wake anakuwaga hayupo. Akianguka tu ingia ndani, upanga uko chini ya kitanda. Kijiji kitalia, lakini hakuna atakayekuhisi. Usiogope bana, mimi nimeshamuua mara tatu!"

Simu ilikuwa bado imeshikana na spika. Na kwa vile nilirudia, walikuwa wanaisikia kwa mara ya pili.

Halafu mama mkubwa akapiga ukelele mmoja, hakuwa analia, alikuwa kama mtu aliyechomwa. Mimi badala ya kuzima simu nikawa naipangusa kwenye suruali (msiniulize kwa nini). Wambura alinifikia kabla sijanyanyuka vizuri, akanishika shingo.

"Chai gani? Sema! Chai gani hiyo?"

"Kaka, ni gemu."

"Baba kafa unaniambia gemu?"

Kofi la kwanza lilikuwa lake, mengine sikuona ni ya nani. Nilivutwa mpaka mbele, karibu na jeneza, shati limechanika, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope ya jikoni. Vijana wakawa wanaitana, fimbo zikaanza kuonekana, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Si ndiye alikuwa anampikia!" Lile neno lililokuwa linanong'onwa, sasa limesemwa. Mwenyekiti akasimama mbele yangu kanyoosha mikono, anasema polisi wataitwa, asiguswe.

Aliyeniokoa ni katekista, Mwalimu Petro, mzee mpole aliyekuwa anasubiri kuongoza sala. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama yuko darasani, "Huyo kwenye simu kasema kamuua mara tatu. Marehemu wetu amekufa mara ngapi?"

Watu wakatulia kidogo. Akanigeukia. "Kijana, kama ni mchezo tuonyeshe. Hapahapa."

Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipoanza, maana mpaka hapo nilikuwa naogopa tu. Nikafungua gemu mbele ya jeneza la baba mkubwa, damu ya pua inadondokea kioo. Wambura kaniinamia bega hili, mwenyekiti bega lile, katekista anavaa miwani. Mzee akatokea kwenye simu. Ndevu nyeupe, fimbo mkononi, kakaa nje ya nyumba yake jioni, kikombe kiko mbele yake. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Niliwaambia, mnaona, ndiye huyu, si mtu kweli, nikadhani yamekwisha. Wambura akasema, "Endelea. Fanya alivyosema tuone."

Nikaweka sumu. Mzee akanywa, akanyanyuka, akashika kifua, akaanguka kifudifudi mlangoni kwake. Wambura akageuza uso. Nikaingia ndani, chini ya kitanda, nikaugusa upanga, na kioo chote kikawaka rangi ya dhahabu. Jamani. Simu bado sikuwa nimeitenganisha na spika. Tarumbeta zikalia, ngoma zikapigwa, vigelegele vya umati mzima, kushoto na kulia ya turubai, juu ya vichwa vya wafiwa, wananishangilia. Silaha niliyoitafuta muda wote huo, nimeipata hapo.

Hakuna aliyecheka. Katekista akaichukua simu mkononi mwangu taratibu, akaigeuzageuza akitafuta pa kuzimia, akashindwa, akanirudishia nizime mwenyewe.

Waliniachia. Mwenyekiti akatangaza kwamba ilikuwa michezo ya vijana, watu wakae, padri yuko njiani. Lakini kuachiwa si kuaminiwa. Wakati wa kubeba jeneza nilisogea, Wambura akasema bila kunitazama, "Wewe hapana." Mtu mwingine akachukua upande wangu. Nikafuata msafara nyuma kabisa, na kiatu kimoja, na udongo sikutupa kwa sababu niliogopa kusogelea kaburi.

Wapo walioelewa, na wapo ambao mpaka leo wanasema gemu lilikuwa namna ya kupangia tu. Wambura tukikutana Butiama mnadani anapita upande wa pili. Masatu alilia kwenye simu nilipomweleza, akataka kuja kuomba msamaha, nikamwambia asithubutu, sauti yake inajulikana.

Jioni ile kabla ya kuondoka nilienda kumuaga mama mkubwa. Alikuwa ndani, kakaa kwenye mkeka na wamama wawili. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, nisamehe, sikumfanyia mzee kitu." Macho yalikuwa yamevimba.

"Najua hukumfanyia kitu," akasema. "Mimi nimekulea." Halafu akauliza, pole pole, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Lakini yule mzee wa kwenye simu, mwanangu. Kwani ungemwomba huo upanga, angekunyima?"

Nikatoka. Gemu nililifuta nikiwa bado uani, mbele ya vijana waliokuwa wanafungua turubai, na nimeapa mbele yenu kwamba msiba wowote nitakaoitwa, simu naiacha Nyasho kwenye kabati, naenda na mikono yangu mitupu. Ila lile swali sikuweza kulifuta. Sijui kama gemu lilikuwa na mahali pa kumwomba. Sikuwahi hata kuangalia.