Jina ya munane ku serveur

Bantu, leo ku bureau hapa Kasapa tulikuwa saba. Serveur ilihesabu munane.

Musinicheke.

Asubuhi tuliweka version mupya ya serveur yetu ya kazi, ile tunaandikianaka ndani. Tuko na desturi: mbele ya kuizima, kila muntu anatoka mu serveur. Ikiwaka tena, kila muntu anaandika "Nilirudia", na chef anahesabu.

Moja. Mbili. Tulifika saba.

Kisha ingine: "Nilirudia."

Papa Donat.

Papa Donat njo alianzishaka ile serveur. Tulimuzika mbele mvua ianze. Jina yake hatukuifuta, juu familia bado kumaliza kilio. Nani atafuta jina ya muntu mu kilio?

Chef wetu, Mama Bijoux, alicheka: "Mutulie! Ni message ya zamani, ya mara ile ingine. Serveur mupya inairudisha tu."

Tulipumua. Miye hata nilienda kutafuta chai.

Wakati nilirudi na kikombe, bote balikuwa nyuma ya kiti ya chef, banasoma. Chef alikuwa amemwandikia, kwa kuchezea tu: "Papa, uko wapi?"

Chini yake, alama ya kijani. "Donat iko anaandika..."

Ile ilikuwa saa ine. Sasa ni saa munane. Angali iko anaandika.

Chef anasema tuzime serveur. Anatuangalia bote, moja moja, na hakuna muntu ananyoosha mukono.

Weye ungeizima, mbele amalize kusema?