Mfereji Ulioachwa Wazi

Jumatatu kwa ofisi ya maji, mama mmoja wa Mumbuni alilalamika kwamba mfereji wake umekauka na watoto wanaharisha kwa kunywa maji ya mto. Karani akamnyooshea kalamu. "Mama, mngefunga mifereji vizuri, maji yangetosha."

Simu ya karani ikalia. Jirani yake alipayuka hata sisi wa foleni tukasikia: "Maji yamerudi Mumbuni! Yanatoka chini ya mlango wako!"

"Woi! Niliacha wazi ndio nijue yakirudi!"

"Si sasa umejua," mama akamwambia. Halafu akashika kichwa. "Uui, hata mimi!"

Wakatoka mbio pamoja. Nikaenda kunawa mikono kwa choo cha ofisi. Mfereji ulikuwa wazi, mkavu kabisa. Nikauacha hivyo, ndio wajue yakirudi.