Diski Tupu Juu ya Iliyojaa

Jumatatu, 9 Novemba 1998, Homa Bay, manyunyu tangu alfajiri. Karani wa zahanati, Nereah Aoko, alikuwa amechapa kwenye kompyuta majina ya watoto elfu mbili waliochanjwa. Fundi Odera akaja na disketi ya kuwashia kompyuta, ili anakili diski yote ya ndani, yenye majina hayo, kwenye diski mpya tupu.

“Fundi, hakikisha kwanza diski ipi ina majina.”

“Madam, wewe chapa barua. Hii ni kazi ya wanaume.”

Akanakili kinyume. Diski tupu ikafuta iliyojaa.

“Ni mashine,” akajitetea.

“Mashine haina mdomo! Wewe unao, na umejaa majivuno tu!” Nereah alifoka.

Asubuhi iliyofuata alijifungia ofisini na disketi aliyoiacha Odera, akanakili mwenyewe diski ya kompyuta ya pili, yenye majina ya wajawazito, huku fundi akibisha mlango.