Baba Krismasi Aliyekufa Kisukuma

Wajukuu zangu wana televisheni pana kama mlango wa zizi, wanadhani bibi yao picha kaanza kuziona uzeeni. Nawaangalia tu. Picha nimeziona wakati baba yao anavaa kaptula, na ile moja niliiona mpaka waigizaji wake nikawajua kama majirani. Shule niliishia darasa la pili, Kiingereza sijui hata cha kuombea maji, lakini picha ile nitakusimulia kuanzia mlango wa benki mpaka mtu anakata roho. Tena aliyekuwa akiisemea nilimzaa mimi.

Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi, upande wa Maganzo. Mume wangu alikuwa kwenye mitambo ya kuoshea mchanga. Palikuwa na ukumbi, na kila Krismasi, watu wakishatoka kanisani na kushiba wali, mapazia yalishushwa mchana kweupe, mashine ikawekwa juu ya meza, picha ikaanza. Walikuja wakulima kutoka Kishapu na watoto mgongoni. Walikuja na wafanyabiashara Waislamu wa Maganzo, wakisema wamekuja kuhakikisha tu kama hakuna mahubiri. Hayakuwepo.

Picha ya Krismasi ilikuwa hiyo hiyo kila mwaka. Sijui walikosa nyingine au aliyehusika alikuwa mvivu. Ilikuwa ya Wazungu wezi. Mkubwa wao, mnene mwenye macho ya huzuni, anavaa joho jekundu na ndevu nyeupe za Baba Krismasi, anaingia benki na gunia. Watoto wanamkimbilia wakidhani kaleta zawadi. Mkono mmoja anawapa pipi, mkono wa pili kashika bastola. Mwenzake ni mwembamba asiyevua kofia hata akioga. Wa tatu ni mama mmoja mzuri wa sura, anayetembea na bomu kwenye mkoba kama mimi ninavyotembea na ugoro. Magari yanafukuzana kwenye theluji, yanapaa, yanatumbukia mtoni. Watu wanapigwa risasi na kwaya inaendelea kuimba. Ilikuwa picha ya mauaji, lakini wameitengeneza ucheke, na ukishacheka unajiona una dhambi. Mwisho wake Baba Krismasi anapigwa risasi mbele ya duka la wanasesere, anaanguka chali, anasema maneno yake, anakufa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Sisi wote tulijua kwamba stelingi, yule shujaa wa picha, hafi.

"Huyu si stelingi," mmoja alisema. "Stelingi hafi."

"Sasa stelingi ni nani? Yule farasi wa polisi?"

Mama mkwe wangu, bibi mkavu aliyekuwa anatoka kijijini kwa ajili ya siku ile tu, yeye alikuwa na ugomvi wake. Mwaka wa kwanza aliuliza mbona mtu kafa na hakuna anayemzika, watu wanaendelea kuendesha magari. Mwaka wa pili akamkazia macho yule mnene tangu anaingia benki.

"Huyu si yule yule wa mwaka jana?"

"Ndiye, mayu," nikamjibu.

"Basi hawakumzika vizuri."

Aliyekuwa anatafsiri mwanzoni ni karani, sauti yake kama anasoma tangazo la kodi. Alipohamishwa, mwanangu wa kwanza akashika kipaza sauti. Alikuwa kamaliza darasa la saba, kapata kibarua cha kufagia ukumbi huo. Nilijua ataaibika, na mimi pamoja naye, maana wake za wafanyakazi hawakuwa watu wa kusahau.

Theluji ilipoonekana akasema, "Hiyo mnayoiona ni pamba. Ushirika haujaja kuichukua tangu msimu uliopita." Watu wa Kishapu, ambao pamba yao ilikuwa imelala kwenye maghala inaliwa na panya, walicheka mpaka mashine ikasimamishwa. Tangu hapo ukumbi ukawa wake. Yule mnene alimpa sauti ya baba yake, mume wangu, ya taratibu, ya mtu anayeomba chumvi mezani. Mwembamba akampa sauti ya mhubiri. Na yule mama wa bomu akampa yangu. Nilijisikia nikigombeza watu pale ukutani, kwa Kiswahili changu hiki kinachoteleza kwenye Kisukuma, kisha nikarusha bomu. Majirani wote wakageuka. Nilijifanya namfunga mtoto kanga, lakini moyo ulikuwa umeumuka kama unga wa maandazi.

Yule mnene akifa, aliongea Kisukuma kitupu, na kila mwaka maneno yalikuwa mapya. Mwaka mmoja alisema, "Joho hili la kuazima. Nani atalirudisha na tundu?" Mwaka mwingine, "Nivueni viatu, ni vya shemeji yangu, asije akanifuata." Mwingine tena, "Watoto msiwaambie. Semeni nimekwenda Tabora." Watu walitembea kwa miguu kutoka vijijini, si kwa ajili ya picha, walishaijua. Walikuja kusikia mwaka huu marehemu atasema nini.

Nilimwuliza siku moja, "Hicho Kiingereza chote unakielewa?"

"Nusu sielewi, mama. Naangalia midomo."

"Na hiyo nusu nyingine?"

"Nyingine hata wao hawaelewi, wamelipwa waseme."

Ndivyo alivyokuwa. Akaoa, akapata watoto wawili, na kila Krismasi akaua mtu mmoja kwa Kisukuma.

Halafu miaka ile ya themanini, ya foleni za sabuni, mgodi ukaanza kupunguza watu. Vibarua walitangulia. Alikaa nyumbani msimu mzima akichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyenunua. Habari za Geita zilikuwa kila mahali, watu wanachimba dhahabu porini kwa sururu na kamba. Akaja kuniaga nikiwa napepeta mtama.

"Kule unakwenda kwa nani?" nikamwuliza.

"Kwa dhahabu."

"Almasi iko hapa nje."

"Mama, almasi baba kaiosha miaka yote hiyo, na hajawahi kuishika moja usiku ikalala naye. Dhahabu ukiipata unaishika."

Nikaendelea kupepeta.

Habari ilikuja mvua za Desemba zilipoanza. Mtu nisiyemjua alisimama uani, viatu mkononi, akaniamkia, nikaitikia, akaniamkia tena. Mtu akikupa shikamoo mara mbili, kaa chini. Alisema, "Mama, duara limeshuka." Duara ndivyo wanavyoita shimo lao la dhahabu. Kuta zilikuwa zimelowa, mwanangu alikuwa chini, udongo ukamfunika. Hawakuwa wamemtoa.

Mume wangu alikuwa mgonjwa wa kifua, hakuweza safari. Nikamchukua shemeji yangu, mdogo wake, tukapanda lori kupitia Kahama. Sikulia. Wanawake waliokuja kunililia niliwakataza wasitandike mikeka. Nilisema matanga hayakaliwi juu ya mtu ambaye hajafika. Nakwenda kumchukua mwanangu, nitamleta, atalazwa nyumbani kwao pamoja na babu zake, ndipo tutalia. Mke wake alitaka kuja nikamwambia abaki afagie mahali pa kaburi. Nilikuwa na shuka jipya la kumfungia.

Chimbo lilikuwa msitu uliokatwa hovyo, mashimo kila upande, vibanda vya turubai. Wanaume wa kila kabila, wote rangi moja kwa udongo. Mwenye duara, mtu wa Tabora mwenye kofia ya kitambaa, alinipigia magoti. Sikumchukia, natamani ningemchukia. Alisema walichimba kumfuata mpaka ukuta ukashuka mara ya pili nusura uwabebe wengine wawili. Alisema kila mvua inaposhuka ardhi inasogea.

"Kwa hiyo mnasemaje?" nikamwuliza.

"Mama yangu, sisi mtu akilala huko, tunalifunga duara. Linakuwa kaburi lake. Halichimbwi tena na mtu yeyote, hata kama chini yake pana dhahabu."

"Mimi sikuja kutafuta dhahabu. Nipeni jembe."

Walitazamana. Hakuna aliyenipa. Nikaliona moja limeegemezwa kwenye kibanda, nikalichukua, nikaifunga kanga kiunoni, nikaanza kulima ule udongo uliokaa pale kama kichuguu kilichokanyagwa. Nimelima maisha yangu yote, najua kulima. Lakini udongo ule kila nikivuta mmoja unateremka mwingine. Wanaume walisimama kunizunguka, hakuna aliyethubutu kunigusa. Shemeji aliniita kwa jina la mwanangu, "Mama Fulani, inatosha." Sikugeuka.

Ndipo nikasikia mtu anasema nyuma yangu, "Mama Msukuma, punguza mwendo. Ukimfikia utamkuta kalala, na huyo akiamshwa ana hasira."

Nilisimama. Alikuwa kijana Mzaramo, mfupi. Nikaambiwa ndiye aliyelala naye kibanda kimoja. Wazaramo na sisi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani. Mtani msibani hana adabu, na huwezi kumkasirikia, ndiyo kazi yake.

"Zamu ya kupika ilikuwa yake," akaendelea. "Kaona bora aangukiwe na mlima kuliko kusonga ugali. Wasukuma ni wavivu, mama, mimi nilishawaambia hawa."

Shemeji akaninong'oneza, "Mwache, mtani huyo." Nilimwacha. Nilikuwa sina pumzi.

Kijana akaingia kibandani. Alipotoka alikuwa kavaa koti la mwanangu, nililijua kwa kiraka cha kwapani nilichokishona mimi. Juu yake kajifunga shuka jekundu, na kidevuni kabandika sufi iliyotolewa kwenye mto. Wale wanaume wakaanza kuguna, wengine wakageuza nyuso. Mmoja alinieleza kwamba jioni, kazi ikiisha, mwanangu alikuwa anawapa ile picha, bila ukuta wala mashine. Alimgawia kila mtu nafasi yake. Aliyekuwa ananieleza alikuwa mwembamba wa kofia. Mwenye duara mwenyewe alikuwa mkuu wa polisi. Walikuwa wanajiandaa kuicheza yote siku ya Krismasi, ambayo ilikuwa kesho yake.

"Na yule mama wa mkoba?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Huyo alimfanya mwenyewe," akasema. "Hakukubali mtu mwingine."

Mzaramo alitembea mpaka mdomo wa duara. Alitembea kama yule mnene, miguu imetawanyika, na gunia tupu begani. Mtu mmoja akapiga makofi mawili, pa, pa, hizo ndizo zilikuwa risasi. Akashika kifua. Akaanguka chali pale pale nilipokuwa nachimba, juu ya mwanangu, akaangalia mbingu. Na akasema, kwa Kisukuma cha kukariri, kibaya, lakini sauti ni ile ile, ya taratibu, ya mume wangu akiomba chumvi, kama mwanangu alivyokuwa akiitoa.

"Msinitoe. Mkinitoa mtanirudisha kazini."

Nilicheka. Sitadanganya, ilinitoka kabla sijaizuia, ikanitoka kwa nguvu, na wale wanaume waliposikia mama anacheka wakacheka na wao, msitu mzima, huku machozi yanawachora mashavu yenye udongo. Kisha kicheko changu kikageuka. Sauti iliyofuata sikuijua kama ni yangu. Nilikaa chini. Tangu yule mtu aliposimama uani kwangu na viatu mkononi, ndiyo kwanza nalia.

Mzaramo alikuwa bado kalala. Nikamwuliza, "Maneno hayo ni yako au ni yake?"

"Yake, mama. Ya Jumapili ile kabla ya mvua. Alikuwa ananifundisha kufa. Alisema nakufa vibaya, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda."

"Na sasa hivi umekufaje?"

Akafikiri. Sufi ilikuwa imelowa, inamdondoka. "Sijui, mama. Yeye ndiye angesema."

Nikamwambia ainuke, atapata homa. Mwenye duara akaja akasimama kando, alikuwa ananingoja mimi. Wote walikuwa wananingoja. Mvua ilikuwa inakuja tena kutoka upande wa ziwa, na pale nilipochimba palikuwa pameanza kumeguka taratibu, udongo unarudi wenyewe ndani ya kashimo kangu.

Watu wamenisifu tangu siku hiyo, wanasema mama yule alikuwa na moyo wa kiume, alikubali. Sikukubali. Mwanangu alikuwa hatua chache chini ya miguu yangu na sikuweza kumfikia, na nyumbani mke wake alikuwa anafagia mahali ambapo hapatalala mtu. Ningekuwa na hakika kwamba udongo ule hautachukua mtoto wa mwanamke mwingine, ningewalazimisha wachimbe. Nilimtazama yule Mzaramo anavua koti, mbavu zake zinahesabika, naye kwao Uzaramo ana mama.

Nilimpa shemeji lile shuka jipya, akalitandaza pale nilipochimba. Padri hakuwepo, shehe hakuwepo. Mwenye duara akaomba dua yake, yule aliyeigiza mwembamba akasali Baba Yetu. Wanaume wakachukua mabeleshi, lakini nikawaambia wangoje. Udongo niliokuwa nimeutoa haukujaza hata makarai mawili. Niliuvuta kwa jembe lile lile, nikaurudisha, nikaushindilia kwa miguu yangu kama nilivyokuwa nikishindilia sakafu ya nyumba aliyozaliwa. Shemeji alikuja kunipokea jembe nikamkatalia. Kisha nikasogea pembeni, nikawapisha wamalizie.