Mwalimu Thibitisha hataki kuomba radhi

Saa mbili na nusu asubuhi, kengele ya kipindi cha hisabati inalia. Mwalimu ambaye wanafunzi humwita Thibitisha anainuka kwa mazoea, chaki mkononi, kisha anakumbuka na kuketi tena. Siku hizi kazi yake ni kugonga mihuri kwenye vitabu vya stoo.

Ng'ambo ya ukuta, kidato cha tatu, wanafunzi sabini na wanne, wanakariri kanuni za pembetatu kwa sauti moja.

"Wasikie hao," anasema, akishindilia muhuri hadi meza inatikisika. "Waulize kanuni imetoka wapi. Watakwambia imetoka ubaoni!"

Yeye hakufundisha hivyo. Kila mwaka alianza na kauli chache zisizothibitishwa, kama ile isemayo kwamba kati ya nukta mbili hupita mstari mmoja tu ulionyooka. Wataalamu huziita aksiomu. Yeye huziita makubaliano.

"Huwezi kuthibitisha kila kitu, utazunguka mpaka uzeeke," anaeleza. "Kwa hiyo tunakubaliana mwanzo, hadharani, kila mtu akiona. Baada ya hapo hakuna cha 'niamini mimi'. Hata mwalimu lazima athibitishe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Mwanzoni mwa muhula, mkuu wa shule alitangaza mbele ya wanafunzi wote kwamba viti vya maabara havitoshi, hivyo wasichana wote wataingia mchepuo wa sanaa. Binti wa fundi cherehani, aliyeongoza darasa katika hisabati, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mkuu. Mwaka jana ulituambia mchepuo unapangwa kwa alama tu. Leo unapangwa kwa viti. Kauli hizo mbili zinapingana, tushike ipi? Na hivyo viti vinamjuaje mvulana?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkuu hakucheka.

"Nani kakufundisha jeuri hii?"

"Si jeuri, Mkuu. Nataka tu kujua tunaanzia wapi."

Binti alisimamishwa masomo wiki mbili. Mwalimu wake alipelekwa stoo siku hiyohiyo, na marupurupu yake, karibu robo ya kipato, yakakatwa. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kuchochea utovu wa nidhamu.

"Mtoto kaonyesha kwamba maneno mawili ya mtu mzima hayakai nyumba moja," anasema, sauti ikipanda. "Badala ya kujibiwa, kafukuzwa. Hiyo ndiyo nidhamu?"

Wiki mbili zilipokwisha, mama wa binti, fundi cherehani, aliingia ofisini kwa mkuu na stuli yake ya kazini kichwani. Akaitua sakafuni.

"Kiti hiki hapa, Mkuu. Mwanangu aingie maabara."

Mkuu akaandika kibali. Binti akaingia. Mama sasa anashona akiwa amekaa juu ya debe lililofunikwa kifuniko, na anadai mgongo haumuumi.

Lakini Thibitisha hajafurahi. "Wasichana wengine kumi na mmoja walifaulu vilevile. Nao mama zao wabebe viti?"

Walimu wenzake wanamhurumia kwa kunong'ona. Mmoja alimwambia, "Dada, mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe aende wapi, nawe unaona njia yenyewe kaikosea?"

Jumatatu ijayo anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Barua ya kuomba radhi wameshamwandikia. Imebaki sahihi yake tu.

"Sitatia. Anayetaka niombe radhi anionyeshe kwanza kosa, hatua kwa hatua, kama ninavyowadai watoto."

Na wakimfukuza kazi?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anacheka. Kaka yake ana karakana ya useremala, anasema, yenye ukuta mmoja mrefu usio na kitu. Wazazi wa wale wasichana kumi na mmoja wamekwisha kuahidi kuwaleta kila Jumamosi.

"Rangi nyeusi nimeshanunua," anasema. "Iko uvunguni mwa kitanda."